Shamba la Mjomba Sefu na Sanduku Ambalo Halikutengenezwa

Nilikwenda Bweyeye kwa sababu ya jina moja kwenye karatasi ya ukutani. Mteja wangu, mwanamke wa huko aliyekuja Kamembe kushonewa nguo ya harusi, alisimama nikimpima kiuno akaniambia kwamba kwenye ofisi yao ya akagari, ile ofisi ndogo ya Serikali inayosimamia vijiji vyao, kumebandikwa orodha ya mali zisizo na mwenyewe. La tatu toka juu lilikuwa shamba la Sefu, fundi bati, Mwislamu. Aliuliza tu kama pale mtaani kwetu kuna anayemjua. Nikaacha utepe ukaanguka chini. Sefu ni mjomba wangu, wa tumbo moja na mama yangu.

Miaka minne nyuma tulipata habari kwamba amefariki. Habari yenyewe ilitufikia miezi miwili baada ya kuzikwa. Tulisoma hitima nyumbani, watu wakala, wakaenda zao, na hatukutuma mtu Bweyeye hata kuona kaburi. Tulisema njia ni mbaya. Njia ilikuwa mbaya kweli, lakini watu walikuwa wanaipita kila siku. Naandika hivyo kwa sababu ndugu watakaosoma daftari hili wengine walikuwepo, na sitaki waseme mimi Zaina nilijisafisha.

Mjomba hakuoa, hakuacha mtoto. Kwa hiyo mbele ya Serikali mwenye haki ni mama, na mama miguu yake haimbebi tena. Akanipa kitambulisho chake na karatasi yenye muhuri ya kunituma badala yake. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano tu. Karatasi yoyote yenye muhuri inanitoa jasho. Lakini orodha ilisema baada ya siku thelathini shamba linakuwa la Serikali moja kwa moja, na sisi hatuna udongo hata wa kupanda kitunguu. Tunapanga vyumba viwili upande wa uwanja wa ndege, na mwenye nyumba ametuambia tutafute pengine, anataka kujenga ghorofa. Nina watoto wanne.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka. Mama alikuwa ameketi mlangoni na tasbihi yake. Aliniambia nisigombane na mtu yeyote, halafu akaongeza nisirudi bila shamba. Sikumuuliza hayo mawili yataendaje pamoja.

Basi lilipita Ntendezi, likapanda kwenye mashamba ya chai ya Gisakura ambako wachumaji walikuwa tayari wamefunga vikapu mgongoni, kisha likaingia msitu wa Nyungwe. Mimi ni mtu wa mjini, na msitu ule sikuwahi kuuingia. Baridi ilikuja mara moja, kama mtu amefungua mlango. Abiria walifunga madirisha. Mama mmoja nyuma yangu alianza kuimba nyimbo za kanisani polepole, na mimi nikasoma moyoni ile ninayoijua, na sote wawili tukatapika kwenye kona moja, akanipa maji yake ninawe. Nilikuwa nimebeba sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwani kwetu, kilo mbili kama zawadi. Harufu yao ndiyo iliyotuangusha, ni lazima niseme.

Pindura nilishuka na kungoja gari jingine saa moja na nusu. Hapo ndipo barabara ya Bweyeye inapoachana na ile kubwa. Siku hizi kuna lami mpaka senta, na dereva alijisifu njia nzima kana kwamba aliimwaga yeye. Lakini kilima alichoishi mjomba hakiko kwenye lami. Kutoka senta nilitembea karibu saa mbili, nikishuka hadi kijito na kupanda tena, viatu mkononi.

Saa tisa alasiri nilifika kwa mkuu wa kijiji, Papa Anastase, mtu mrefu wa miaka sitini hivi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alinipokea vizuri sana. Mkewe aliniletea maji ya moto ya kuosha miguu kabla hata hawajauliza jina. Nilipowaambia mimi ni mtoto wa dada yake Sefu, Papa Anastase alisimama tena akanisalimia upya, kwa mikono miwili.

Yeye husema Kinyarwanda, na Kinyarwanda changu kinatosha sokoni na ofisini, basi nayaandika maneno yake kwa lugha yetu. Alisema nimekuja wakati mzuri. Kesho yake katibu wa akagari atakuja kilimani kusikiliza habari za yale mashamba ya kwenye orodha. Majirani watatu wakisema wananitambua, na asitokee wa kupinga, jina la mama litaandikwa. Akasema majirani hao hawatakosekana, na sahihi ya kwanza itakuwa yake mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini wananikubali haraka vile, hawajaniona hata siku moja. Akacheka kidogo, akanionyesha kwa kidevu nyumba ndogo ng'ambo ya migomba. Pale anakaa mwanamke mzee anaitwa Verediana, alisema. Ndiye aliyekuwa karibu na Sefu siku za mwisho. Kijiji kizima kilichanga mbao kwa ajili ya sanduku, mbao nzuri, na mwanamke yule akakataa lisitengenezwe. Sefu akatiwa shimoni kwa shuka, mbele ya watu. Halafu wiki chache baadaye mwanamke huyo huyo akaenda akagari kuomba aachiwe shamba.

"Tukasema hapana," Papa Anastase alisema. "Mtu aliyemnyima mwenzake sanduku hawezi kula shamba lake. Hakuna aliyemtolea ushahidi. Ndiyo maana likaingia kwenye orodha ya Serikali."

Mkewe akaongeza kwamba tangu siku ile walimtoa pia kwenye chama cha ingobyi. Nieleze: kule, mgonjwa akizidiwa, wanaume wa kilima humbeba kwenye machela ya kusukwa mpaka panapofika gari, kwa zamu. Usipokuwa kwenye chama hakuna wa kukubeba.

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilijua palepale. Waislamu wote mnaosoma hapa mmejua tayari. Na bado nilikunywa chai ile mpaka ikaisha, sikusema kitu. Nilijiambia nimechoka, nilijiambia nitasikiliza upande wa pili kwanza. Labda ni kweli. Labda pia nilikuwa nahesabu zile sahihi tatu.

Saa kumi na moja, jua bado lipo, nilikwenda kwa Verediana. Nilimkuta anapura maharage uani. Ni mwanamke mdogo wa mwili, mgongo umepinda, kitambaa cha Waadventista wa Sabato kichwani. Nikamsalimia Kinyarwanda. Akaniangalia kwa muda, akajibu kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, kile tunachokisikia kila siku kwetu sokoni.

"Weye ni wa kwa Sefu. Iko na kipaji chake cha uso. Ingia, mutoto."

Alizaliwa Congo, upande wa Kalehe, wazazi Wanyarwanda, akarudi akiwa mtu mzima. Kilimani pale hakuna aliyekuwa anasema Kiswahili isipokuwa yeye na mjomba. Huo ndio uliokuwa urafiki wao wote, alisema: jioni mjomba anakuja na kiti chake cha bati, wanasema Kiswahili saa nzima, wanasengenya kilima kizima na hakuna anayesikia, halafu kila mtu anaenda kulala kwake. Walibishana sana juu ya dini. Yeye alimwambia Jumamosi ndiyo siku, mjomba akamwambia hapana, ni Ijumaa, na wote wawili walikubaliana kwamba batu ba Jumapili walipotea.

Nilicheka. Kisha nikamuuliza juu ya sanduku.

Alichukua ungo, akapepeta kidogo, akauweka.

"Alinifundisha siku tatu," alisema. "Kila siku ananirudilisha kama mutoto wa masomo. Shuka, hapana sanduku. Mbao zikae juu yake, zisikae chini. Muntu mwanaume amuoshe. Mutoto wangu ndiye alimuosha, sasa iko Kigali. Nilibaambia batu. Banasema, nani alisikia? Weye tu peke yako ulisikia."

"Na shamba uliomba kweli?"

"Niliomba. Siwezi kukudanganya. Yangu ni mawe tupu, umeiona. Na nilikuwa nimelima yake miaka miwili akiwa mugonjwa, tunakula wote. Nilifikiri batu bataona." Akarudi kwenye maharage. "Lakini weye ni damu yake. Kesho mi sitasimama kukupinga. Nimechoka kusimama."

Alinipeleka kaburini kabla ya kuniaga. Liko juu ya shamba, karibu na nyumba ya mjomba iliyofungwa kwa waya. Bati alizozipiga mwenyewe bado ziko sawasawa kwenye paa. Shamba limeingiwa na majani, migomba imesongwa, kahawa imekuwa miti. Lakini pembeni ya kaburi palikuwa safi, pamefagiliwa, na mtu amepanga mawe meupe ya kijito kuzunguka. Nikamuuliza alimlaza vipi. Akalala chini palepale kwenye nyasi, bibi mzima wa miaka sabini, kwa ubavu wa kuume, uso umeelekea msituni, kunionyesha. Kwa kule, msitu uko kaskazini. Kibla kiko huko. Ikabidi nimshike mkono kumwinua, na nilifurahi kwamba kuna kazi ya kufanya kwa mikono, maana macho yangu hayakuwa mazuri.

Jumanne, saa tatu asubuhi, katibu wa akagari alifika kwa pikipiki, mwanamke kijana mwenye buti za mpira na begi la karatasi. Watu kama ishirini walikaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya mjomba. Verediana alikaa nyuma kabisa, peke yake, na nafasi ya watu wawili kila upande. Katibu alikagua karatasi zangu moja moja, akaniuliza jina la bibi na babu, akauliza mjomba alizaliwa wapi. Nikasema Mururu, kama mama. Akaandika. Papa Anastase akasema ananitambua. Wa pili akasema ananitambua. Wa tatu akasema ananitambua kwa sababu afadhali mtu yeyote kuliko yule. Watu wakacheka, na hakuna aliyehitaji kuambiwa yule ni nani.

Katibu akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyeinua mkono. Verediana alikuwa anatazama mikono yake.

Sikuwa nimekata shauri, nataka mjue. Kuna watu wanajua la kufanya mapema. Mimi si mmoja wao. Nilikuwa nimelala nikifikiri watoto, nikaamka nikifikiri watoto. Ningenyamaza dakika moja tu zaidi, katibu angepiga muhuri. Lakini nikaona nikinyamaza, nitakuwa nimepewa shamba kwa sababu mtu alimzika mjomba wangu kwa dini yetu, wakati sisi wenye dini tulikuwa Kamembe tunakula pilau. Nikasimama. Sauti yangu ilikuwa ndogo na katibu aliniambia niseme tena.

Nikasema: kwetu Waislamu hatuzikwi kwa sanduku. Tajiri na maskini, ni shuka. Mbao mlizotoa, Mungu awalipe, zilikaa mahali pake, juu yake. Mama huyu alifanya alivyotumwa, na hakukosea hata kitu kimoja. Kama angekubali sanduku lenu ndipo sisi tungelia.

Watu walitazamana. Yule shahidi wa tatu akauliza, "Kwa hiyo ninyi mnapanda mtu kama mbegu?"

"Ndiyo, Papa," nikasema. "Nawe umeshaona mbegu kwenye sanduku?"

Mke wa Anastase alicheka peke yake, akaziba mdomo. Papa Anastase hakucheka. Alikaa muda mrefu ameinamisha kichwa, na nilifikiri nimemkosea mbele ya watu wake baada ya kunywa chai yake na kuogea maji yake. Ndipo akasimama, akageuka nyuma.

"Verediana," alisema, "neno lile la sanduku lilitoka kwangu kwanza. Wengine walilipokea kwangu." Akasimama hivyo kidogo, kama mtu anatafuta mahali pa kuweka mzigo. "Ulituambia, tukakataa kusikia. Kwenye ingobyi unarudi leo."

Verediana alivuta kitambaa chake mbele, akakaa vilevile. Lakini mwanamke mmoja alisogea kwenye nyasi mpaka akafika ubavuni kwake.

Mimi nikamwomba katibu aandike jina la Verediana pamoja na la mama. Katibu alinitazama kama mtu mwenye kazi nyingi. Alieleza, bila kukasirika, kwamba mimi siwezi kutoa haki isiyo yangu. Shamba dogo kama lile halikatwi vipande, lakini majina mawili yanaweza kukaa kwenye hati moja, ikiwa mrithi mwenyewe anakubali kwa dole gumba lake, mbele ya shahidi wa ofisi ya mtaani kwake. Akajaza karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mama peke yake, imekwisha, inangoja muhuri wa mwisho tu. Ya pili ilikuwa ya majina mawili. Akasema nirudishe moja kabla ya Ijumaa saa sita, na ile nyingine niichane.

Jumatano nilirudi. Verediana alinisindikiza mpaka kijitoni, hakutaka kuvuka. Hakuniuliza nitarudisha karatasi ipi. Alinipa maharage kwenye kitenge, akaniambia nimsalimie dada yake Sefu. Ndani ya gari nilikuwa na karatasi zote mbili kifuani, na nasema kweli, mpaka Ntendezi nilikuwa nazipima. Huyu mama ana miaka sabini. Watoto wangu wana maisha yote. Nani amenituma nigawe cha watoto? Nilikwenda kwa haki na nilikuwa narudi na nusu yake, kwa mdomo wangu mwenyewe, bila mtu kunilazimisha. Nilifikiri pia kwamba labda sikusema kwa ajili ya haki, labda nilisema nionekane mzuri mbele ya kilima. Hilo bado sijui.

Nyumbani nilifika saa tisa. Mama alikuwa mlangoni. Nilimweleza yote toka mwanzo, sikuruka hata aibu ya chai, na nikaweka karatasi mbili mbele yake, nikamsomea kila moja, kwa kuwa yeye hasomi. Nikamwambia ile ya kwanza iko tayari, ni halali, hakuna wa kutulaumu. Nikamkumbusha habari ya mwenye nyumba. Nikawataja watoto kwa majina. Nilitaka asije akasema sikumwambia.

Mama akauliza kitu kimoja.

"Alimlaza ubavu gani?"

"Wa kuume, mama. Uso kibla. Alilala chini mwenyewe kunionyesha."

Mama alishika ukuta akainuka, kitu ambacho hakifanyi bila mimi, akaniambia nilete buibui yake twende ofisini kabla hawajafunga. Njiani alisimama mara nne kupumzika. Shahidi wa ofisi alimsomea karatasi ya pili polepole, akamuuliza kama anaelewa kwamba anatoa sehemu ya haki yake kwa mtu asiye wa damu. Mama akamwambia asimsumbue, amletee wino.

Alhamisi nilirudi Bweyeye na karatasi moja. Verediana alitia dole lake chini ya dole la mama, na katibu akapiga muhuri juu ya yote mawili.

Ndugu zangu wengine wameshaniuliza safari hii ilitufaa nini, kama tulikwenda kuchukua shamba na tumerudi na nusu shamba. Ninawajibu kwamba karatasi ya Serikali iliuliza nani ni wa damu, na tulijibu kweli. Haikuuliza nani alikuwepo. Hilo ilibidi tulijibu wenyewe, bila kuulizwa, na kwa miaka minne tulikuwa hatujalijibu. Msimu huu Verediana anapalilia kahawa, na mwezi ujao nitapeleka watoto wakavune maharage tuliyoyapanda upande wetu. Mama amesema atakuja. Nilimkumbusha miguu yake, na kwamba kutoka kwenye lami ni saa mbili za kupanda na kushuka. Akasema amesikia kule kuna watu wanaobeba.